Nilimbatiza Mtoto wa Adui Yangu kwa Jina la Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mkunga katika hospitali moja hapa mjini Unguja. Sina mtoto. Mume nilikuwa naye, lakini hata leo sijui nijiite mjane au mke wa mtu. Nnaandika haya nikiwa na hasira, wala sitawadanganya kwamba hasira hiyo imekwisha. Anayetaka kisa cha mwanamke mpole aliyesamehe na kusahau, basi afunue ukurasa mwengine.

Mume wangu aliitwa Festo. Alikuwa msimamizi wa ghala moja bandarini, mrefu, mchache wa maneno, na kanisani akiimba sauti ya chini. Kazini, chini yake, alikuwapo Klementi, rafiki yake tangu shule, ndiye aliyesimama naye siku ya harusi yetu. Klementi alikuwa mtu wa kwetu hasa. Akija hapigi hodi, anavua viatu na kuuliza leo kumepikwa nini. Mimi akiniita shemeji, na mara nyingi nilimpakulia yeye kabla ya mume wangu.

Tulikaa chumba na ukumbi juu ya duka, karibu na Mlandege. Nyumba ya ng'ambo ya uchochoro alikaa Bi Salma, mjane wa Kiarabu, na wajukuu zake wawili wa kike. Ule mwezi wa Januari, mwaka wa sitini na nne, mapinduzi yalipotokea na watu wakawa wanatafutwa nyumba kwa nyumba, Festo alivuka uchochoro akawaleta kwetu wote watatu. Wao wakakaa chumbani, sisi tukalala ukumbini.

Niliogopa. Nilimwambia, Festo, tutauawa kwa ajili ya watu ambao si dini yetu wala si ukoo wetu. Akanijibu kwamba Injili haikuandikwa isomwe Jumapili tu, kisha akaniomba nichemshe uji wa wale watoto.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Klementi. Siku zile kutoka nje kutafuta chakula ilikuwa hatari, na yeye, kwa kuwa alikuwa na jamaa zake miongoni mwa wenye silaha, aliweza kupita. Alituletea mikate ya boflo na maziwa, ameficha ndani ya koti. Bi Salma alimshika mikono akamwombea dua ndefu. Siku ile nilimpenda Klementi kama ndugu yangu wa tumbo moja. Hali ilipotulia kidogo, Bi Salma na wajukuu zake wakapata njia, wakavuka bahari kwenda kwa jamaa zao. Tukadhani yamekwisha.

Yamekwisha wapi…

Miaka ikapita. Siku moja, mchana kweupe, watu wawili wa usalama walikwenda ghalani wakamwambia Festo anatakiwa kujibu maswali kidogo tu. Aliondoka ameacha kofia yake juu ya meza, maana alijua atarudi. Hakurudi.

Nilikwenda kila nilikoelekezwa, na bakuli la wali nimelifunga kitambaa. Hapa wananiambia hayupo, nenda kule. Kule wananiambia hajaletwa, rudi nyumbani. Mtu mmoja aliyenionea huruma ndiye aliyeninong'oneza kosa la mume wangu. Alificha watu mwaka wa sitini na nne. Nani alijua? Mimi, Festo… na Klementi.

Haukupita muda Klementi akakaa kwenye kiti cha Festo. Kwangu akakata mguu kabisa, hata kupita uchochoro wetu hapiti. Nikamvizia baada ya ibada, mkewe akiwa ameshatangulia, nikamkabili pale mlangoni. Sikumpa hata salamu. Nilimwuliza, ulikuwa wewe? Akatazama huku na huku, kisha akasema taratibu, "Shemeji, niliulizwa, nikajibu. Sikusema uongo hata neno moja."

Mnamsikia? Mtu amemchongea rafiki yake, kisha anajisifia ukweli wake. Mkono wangu ulikuwa tayari kumparura uso. Lakini watu walikuwa wanatoka kanisani, na miaka ile mtu hakujua nani anasikiliza na anayapeleka wapi. Nikaimeza nyongo yangu nikarudi nyumbani.

Kanisani kwetu kuna siku ambayo majina ya marehemu husomwa, na kila Jumapili huombewa wagonjwa na wafungwa. Festo nimpeleke wapi? Nikimtia kwa marehemu, nani kaniambia amekufa? Nikimtia kwa wafungwa, nani kakubali kwamba amefungwa? Na waumini wenyewe waliogopa. Wanakwaya wenzake wakiniona walinisalimu mbio mbio wakapita. Matanga hayakukaliwa. Jina la Festo likawa halitamkwi na mtu ila mimi, nikiwa peke yangu ninapika.

Na Klementi je? Kila Jumapili anapiga magoti mbele ya altare, kafumba macho kama malaika, anapokea Mwili na Damu ya Bwana kwa kinywa kile kile. Mimi nikabaki kwenye benchi. Sikuweza kupiga magoti ubavuni pake.

Padri wetu aliniita akaniuliza kwa nini siendi Mezani pa Bwana. Nikamwambia, Padri, mnatufundisha kwamba Injili maana yake ni habari njema. Njema kwa nani? Kwa Klementi ni njema kweli, maana amekalia kiti cha mume wangu na bado anasamehewa kila wiki. Habari yangu mimi iko wapi? Akaniambia niombe nipewe moyo wa kusamehe. Nikamwambia sitaki moyo, nnataka mume wangu.

Sasa nije kwa Roza, mke wa Klementi. Yeye hakuwa na kosa, na nnalisema hilo mapema msije mkadhani sikulijua. Hakuwa na habari ya alilotenda mumewe. Alikuwa mwanamke mtaratibu, na mimba zilikuwa zikimharibikia moja baada ya nyengine, mpaka akajaliwa moja ikafika. Siku ya kujifungua akaletwa katika zamu yangu, asubuhi moja ya masika, mvua inapiga mabati hata hatusikilizani.

Uchungu ulikuwa mzito na damu ilikuwa nyingi. Daktari wetu, Mchina mmoja mkimya, alikuwa chumba cha pili anampasua mgonjwa mwengine. Roza alinishika mkono, jasho linamtiririka. "Dada Agnesi, nnakuomba. Mtoto akija hafifu, mbatize. Usimwache aende hivi hivi." Akasema hayo, kisha akapoteza fahamu.

Mtoto akatoka. Wa kiume. Rangi ya buluu, amelegea, hana sauti. Tulikuwa na mkunga mkubwa, Bi Zuhura, Mwislamu, ndiye aliyenifunza kazi. Alimpokea, akamtoa makamasi, akampuliza, akamsugua mgongo kwa kitambaa. Kimya. Bi Zuhura alikuwa anazijua ada zetu kwa kukaa nasi miaka mingi. Bila ya kuinua kichwa akaniambia, "Agnesi, huyu anakwenda. Fanya hayo maji yenu."

Mimi nimesimama.

Kwetu sisi, mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu. Wadi nzima Mkristo mwenye fahamu nilikuwa mimi peke yangu. Na mimi nilitaka asibatizwe. Naam, nilitaka. Nilitaka Klementi ampoteze mtu wake bila ya sala na bila ya jina, kama nilivyompoteza wangu. Nilitaka aje kwa padri aulize mwanawe yuko wapi, naye asijibiwe.

"Agnesi, we!" Bi Zuhura alinikaripia. "Mtoto kakukosa nini?"

Hapo ikanijia fikra nyengine, na niliipenda zaidi. Nilijua kwamba Klementi ameshachagua jina la mtoto, jina la marehemu baba yake, Wilfredi, na alikuwa amelitangaza mtaa mzima. Nikachota maji kwa kiganja. Nikammiminia kichwani mara tatu, nikasema kwa sauti kubwa ili Bi Zuhura awe shahidi. Festo, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Moyoni nikasema, ukifa, baba yako atalichonga jina hilo kwenye msalaba wa kaburi lako. Ukiishi, atakuita kwa jina hilo uje ule chakula.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia. Bi Zuhura akasema alhamdulillahi, akanikabidhi mtoto, yeye akenda kumshughulikia mama.

Klementi alikuwa ukumbini, nguo zimemrowa. Nikamwendea mwenyewe, sikumtuma mtu. Nikamwambia, mkeo mzima, na umepata mwana wa kiume, alikuwa anakata roho nikambatiza. Machozi yakamtoka, akataka kunishika mikono. "Ahsante, shemeji. Mungu akulipe."

"Hujaniuliza jina," nikamwambia.

Akairudisha mikono yake. Nadhani alishajua.

"Anaitwa Festo."

Aliegemea ukuta. Mwisho akasema, "Kwa nini unanifanyia hivi?" Nikamjibu, "Niliombwa, nikabatiza." Nikamgeuzia mgongo. Wasomaji, nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Siku ile nilirudi nyumbani nikala nikashiba, na tangu Festo aondoke nilikuwa sijashiba.

Klementi alikimbilia kwa padri jina libadilishwe. Padri akamwambia ubatizo haurudiwi. Kama anataka jina jengine, basi asubiri mtoto akue, alipate siku ya kipaimara. Kisha akaniita mimi.

Nilikwenda kifua mbele. Alipoanza kunisemesha kwa upole nikamkatiza. Nikamwambia, Padri, usijisumbue, ule ubatizo ni bure. Niliufanya kwa chuki. Wakati namwagia yule mtoto maji nilikuwa namlaani baba yake. Basi si ubatizo, na mwana wa Klementi si Mkristo. Nilitaka hilo nalo limfikie.

Padri akauliza, "Yalikuwa maji?"

Nikasema ndiyo.

"Na maneno uliyasema yote?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kabatizwa. Mungu hakumngojea Bi Agnesi atengeneze moyo wake kwanza. Na hiyo ndiyo Injili, mwanangu. Hatungojewi."

"Hata Klementi?" nikamwuliza.

"Hata yeye. Na hata wewe."

Nilitoka nikaubamiza mlango. Nilijiona nimetukanwa. Kunitia mimi na Klementi katika kapu moja! Mimi nimemwua nani?

Sasa sikilizeni. Mtoto aliyebatizwa kwa dharura, akipona, huletwa kanisani apokewe mbele ya watu. Padri humsimamisha yule aliyembatiza na kumwuliza kwa sauti, ni nani aliyembatiza mtoto huyu, na kwa maneno gani? Kisha wadhamini husimama na kumjibia mtoto maswali ya imani. Niliposikia siku imepangwa, moyo ulinidunda kwa furaha. Nitasimamishwa mbele ya kanisa zima… na nitaulizwa. Nani angeninyamazisha?

Jumapili ile nilivaa gauni langu zuri kuliko yote. Kanisa lilijaa. Roza amembeba mtoto amemfunga kwa shuka jeupe, Klementi yuko ubavuni pake, uso umempauka. Wadhamini wao, mtu na mkewe kutoka mtaa wao, wamesimama nyuma. Padri akauliza ni nani aliyembatiza mtoto huyu. Nikasema, ni mimi. Akauliza kwa maneno gani. Nikasema, Festo, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Vichwa vikainuka. Bibi mmoja benchi la nyuma akaanza kulia kwa kwikwi. Ningeweza kuishia hapo. Padri alinitazama kama anayeniomba niishie hapo. Lakini mimi nikawageukia watu.

Nikawaambia, "Hili ni jina la mume wangu, ambalo nyote mnaogopa kulitaja. Alificha mama na watoto wasiuawe, hilo ndilo kosa lake. Na Klementi alijua tangu siku ya kwanza. Boflo na maziwa alituletea yeye mwenyewe, kayaficha ndani ya koti. Kisha akenda akamchongea, akakaa kwenye kiti chake."

Roza akamgeukia mumewe. Alimtazama muda mrefu, akingoja akanushe. Klementi akatazama chini. Basi Roza akajua.

Padri aliendelea na ibada. Akauliza ni nani wanaosimama kwa ajili ya mtoto huyu. Tukatazama nyuma, wale wadhamini hawapo. Walikuwa wametoka polepole kwa mlango wa ubavuni, maana maneno kama yale, miaka ile, hakuna aliyetaka kuonekana karibu nayo. Padri akauliza tena. Kanisa zima linatazama sakafu.

Roza akaja mpaka nilipo. Hakuwa analia. Akanitia mtoto mikononi. "Jina umempa wewe," akasema. "Simama naye."

Ningefanya nini, nimwangushe? Padri akanikabili na kitabu chake, akaniuliza maswali ambayo mdhamini humjibia mtoto. Je, unamkataa shetani na kazi zake zote? Nyongo ilikuwa bado imo kinywani, maneno niliyoyasema sasa hivi hayajapoa. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ananukia maziwa. Nikawa namrekebishia shuka lake hata watu wakaanza kukohoa. Kisha nikajibu kwamba namkataa, na sikumtazama mtu.

Wiki haikumalizika, watu wawili wakenda ghalani.

Fahamuni hivi. Klementi alipomsemea Festo, hakusema kwamba na yeye alileta mkate. Alijiondoa. Kwamba alijua, na kwamba alisaidia, na kwamba alinyamaza miaka yote ile, hayo yalitoka kinywani mwangu mimi, mbele ya kanisa lililojaa, na mle kanisani mlikuwamo masikio ya kila namna. Klementi naye akaitwa kujibu maswali kidogo tu. Naye hajarudi mpaka leo.

Mlidhani nitafurahi? Hata mimi nilidhani. Bi Zuhura aliponiletea habari, nilikaa kitako juu ya ndoo iliyofunikwa, nikangoja raha ije kama ilivyokuja siku ile ya ukumbini. Haikuja. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli, na mtu kapotea kwa neno langu. Nilimwona Roza anapita barabarani juani, mtoto yuko mgongoni, anakwenda kule kule nilikokuwa nikienda, na mimi nilijua atakayojibiwa kabla ya yeye kufika.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwa kiburi tu, watu wasije wakasema najificha. Nilikaa kwenye benchi langu. Nilijua Roza atakuja kunitemea mate, na nilikuwa nimejitayarisha la kumjibu. Ningemwambia, sasa umejua nilivyokaa mimi. Nilikuwa nimeshayapanga maneno.

Wakati wa kwenda Mezani ulipofika, Roza akaja. Akasimama mbele ya benchi langu, macho yamemvimba. "Mchukue mwanao," akaniambia, "mkono umenichoka." Akanipa mtoto, akatangulia mbele. Nikamfuata, maana nilikuwa nimeshika mtoto wake. Nilifika altareni ambako nilikuwa sijafika tangu Festo aondoke. Nikapiga magoti.

Nikamwambia kwa kunong'ona, "Roza, unajua kwamba ni mimi niliyemfikisha Klementi huko?"

"Nnajua," akasema. "Sogea, nami nipate pa kupiga magoti."

Nikasogea.

Wasomaji, mimi si padri na sitawahubiria. Lakini miaka yote nilikuwa nauliza Injili ni habari njema kwa nani, na siku ile nilikuwa nimepiga magoti, sina la kujitetea, na aliyenipa nafasi ni mwanamke niliyemvunjia nyumba. Kama habari njema ni ya watu wema tu, basi mimi simo. Na mimi nimo. Nilimchukia Roza kwa kunionesha hilo. Sasa simchukii tena, tunapika pamoja, na mtoto alijifunza kusimama kwa kunishika sketi.

Klementi sijamsamehe. Nnamwomba Mungu amrudishe, kisha akirudi nimwambie yote niliyonayo. Padri anasema hiyo nayo ni sala, sijui kama ananituliza tu.

Nnakuombeni, nyinyi mliosalitiwa kama mimi. Lieni. Kasirikeni. Anayekutaka umpe mkono adui yako na wewe huwezi, mwambie huwezi. Lakini usiyachukue mambo ya Mungu ukayafanya fimbo ya kumpigia mtu, na usimpeleke adui yako pale alipompeleka wako, hata kama kila neno utakalolisema ni la kweli. Mimi nilimpeleka. Na sasa hapa Unguja kuna nyumba mbili zinazompakulia mtu ambaye haji kula.